Bandua Trei za Mayai Kwenye Karakana Yako

"Shikamoo mzee. Nimesimamisha banda la mabati nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 6, nataka liwe karakana. Ndani nitapiga trei za mayai ili joto lisiingie na majirani wasisikie mashine. Trei ngapi zinatosha?"

Ujumbe huo, kwa maneno yanayokaribiana, nimeupokea mara tatu tangu masika yakatike. Mmoja umetoka Kibaha, mwingine Morogoro, na wa tatu kwa mama mmoja wa Arusha anayetengeneza makabati ya jikoni. Wote watatu wameuliza idadi. Hakuna aliyeuliza kama trei zinaifanya kazi hiyo, maana hilo wanaona limeshajulikana. Nimelijibu jambo hili kwa simu, kwa mdomo, na kwa kuchora chini kwa kijiti, miaka nenda miaka rudi, na bado linarudi vilevile. Leo naliandika, ili atakayeuliza tena apewe makala hii asome.

Idadi kwanza, kwa kuwa ndiyo mliyoitaka. Kuta za banda la mita 4 kwa 6 lenye kimo cha mita 2.4 zina mita za mraba 48. Paa ni mita za mraba 24 na kidogo. Trei ya mayai 30 ina upande wa sentimita 30 hivi, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula trei 11. Jumla ni trei 800. Trei moja kavu ina gramu 70 hivi, na 800 zinafika kilo 56. Yaani unataka kuning'iniza kilo 56 za karatasi kavu kuzunguka chumba ambamo grainda itakuwa ikitema cheche kutwa nzima. Cheche nitazifikia. Nianze na kelele, kwa sababu ndiko imani yenyewe ilikozaliwa.

Watu wameona studio za muziki. Ukutani kuna sponji yenye vinundu, mwimbaji anaimba, na nje kumetulia. Wakaamua kwamba vinundu ndivyo vinavyoifunga sauti isitoke. Trei nayo ina vinundu, tena inapatikana kwa kila muuza chipsi, basi studio za mtaani zikajaa trei, na kutoka huko imani ikahamia kwenye karakana. Kosa liko mwanzoni kabisa. Ile sponji haikuwekwa ili kumlinda jirani. Imewekwa ili kupunguza mwangwi ndani ya chumba, sauti ya mwimbaji isirudi kwenye maikrofoni mara mbili. Kinachomlinda jirani ni ukuta mzito ulio nyuma ya sponji, mlango mzito wenye mpira pembeni, na dirisha lililozibwa. Hivyo havipigwi picha, kwa hiyo havikuigwa.

Kupunguza mwangwi na kuzuia sauti isitoke ni kazi mbili tofauti. Taulo hukausha maji yaliyomwagika bafuni, lakini halizibi bomba lililopasuka. Na hata hiyo kazi ya taulo trei haiiwezi vizuri. Sauti nzito kama mngurumo wa kompresa, wa mitetemo 100 kwa sekunde, ina mawimbi yenye urefu wa mita 3.4. Kinundu cha trei kina kimo cha sentimita 4 au 5. Wimbi la namna hiyo linalipita karatasi hilo kama vile hakuna kitu. Trei inagusa zile sauti kali za juu tu, kama mluzi wa msumeno, nazo inazichukua kidogo, maana karatasi lenyewe ni jembamba na limekazwa. Ukipiga makofi kwenye chumba chenye trei utasikia mlio umepungua makali. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanapiga makofi ndani, wanaridhika, na hawatoki nje kusimama upande wa jirani wasikilize.

Upande wa jirani mambo yanaamuliwa na uzito. Ukuta huizuia sauti kwa kuwa mzito kiasi cha sauti kushindwa kuutikisa. Kanuni ya jumla ni hii: ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, kelele inayopenya hupungua kwa desibeli 6 hivi. Bati la geji 30, lenye unene wa karibu milimita 0.3, lina uzito wa kilo mbili na ushee kwa mita ya mraba. Kwa sauti za kati linazuia desibeli 15 hivi. Tofali la saruji la inchi 6 lililopigwa plasta pande zote mbili linazuia desibeli 45 hivi. Sasa fikiria trei: kilo 0.8 tu kwa mita ya mraba. Hata ungezigandisha kwenye bati zikawa kitu kimoja nalo, zisingekupa hata desibeli 3. Desibeli 3 ni badiliko ambalo sikio la kawaida hulitambua kwa shida.

Linganisha na hili. Mahali pa wazi, kila unapoongeza mara mbili umbali kati ya mashine na msikilizaji, kelele inashuka desibeli 6. Ukiihamisha mashine ya randa kutoka mita 4 hadi mita 8 mbali na ukuta wa jirani, umefanya zaidi ya zinavyoweza trei 800, bila kutoa hata shilingi. Narudia, kwa sababu huwa siaminiwi: kusukuma mashine mita nne ni dawa kubwa kuliko trei zote hizo.

Kisha kuna matundu. Tazama pale paa linapokutana na ukuta wa banda lako. Migongo ya bati imeacha vishimo vinavyoweza kuingiza vidole, mstari mzima. Chini ya mlango pana uwazi wa kupitisha panya. Ukijumlisha uwazi wote ukafika asilimia 1 ya eneo la ukuta, ukuta huo hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hata ungekuwa wa zege la nusu mita. Sauti ni kama maji, inatafuta penye mwanya. Nimeingia kwenye karakana iliyobandikwa trei kwa ustadi mkubwa, safu zimenyooka kama vigae, na juu yake mwanya wa sentimita 5 ulizunguka banda zima. Mwenye nayo alikuwa anashangaa kwa nini jirani bado anamwendea mwenyekiti wa mtaa.

Na masikio yako mwenyewe je? Wengi wananiuliza habari za jirani, hakuna anayeniuliza habari za masikio yake. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Grainda inayokata chuma hufika 100 bila taabu. Kwa desibeli 100 muda wako wa usalama kwa siku nzima ni dakika 15. Banda la mabati tupu linaongeza mwangwi juu ya hizo. Uziwi wa kelele haupoi, na hauna tembe wala sindano. Vaa viziba masikio vya sponji au vile vya vikombe. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaofua mabati kwa nyundo toka asubuhi hadi jioni, wangeweza kukueleza habari hiyo, ila itakubidi uwaulize kwa sauti ya juu.

Sasa joto. Hapa trei zina ukweli mdogo, nami sitauficha. Zinakata sehemu ya mnururisho unaoshuka kutoka kwenye bati. Kitu chochote ukikiweka kati ya kichwa chako na bati la moto kitapunguza kidogo, hata shuka, hata mkeka. Bati kuukuu lenye kutu chini ya jua la saa saba mchana linafika nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Kutoka hapo linakumwagia joto kichwani kama jiko la mkaa lililogeuzwa juu chini. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kusema 33 huku wewe unahisi unaokwa. Trei inakatiza joto hilo kwa muda, kisha yenyewe inapata moto na kuanza kukumwagia. Karatasi jembamba linahitaji dakika chache tu kufika huko.

Joto la banda la mabati linazuiwa juu ya bati, au chini yake kwa nafasi ya hewa inayotembea. Dawa ya kwanza, ya bei nafuu kuliko zote, ni rangi nyeupe ya paa. Watu hubisha: bati jipya linang'aa kuliko rangi, kwa nini lipate moto? Linang'aa kweli na linarudisha jua jingi, lakini zinki inayong'aa ina tabia ya kushikilia joto inalolipokea badala ya kulitoa angani. Rangi nyeupe inafanya yote mawili, inarudisha jua na inatoa joto. Mwenye kubisha apake nusu ya paa, angoje saa nane mchana, kisha asimame ndani chini ya kila upande.

Halafu kuna ile foili ya fedha inayouzwa kwa mafurushi. Ni kitu kizuri kinachoharibiwa na mafundi wengi. Wanaitandaza juu ya papi na kuigandamizia bati juu yake, foili ikagusana na bati. Ikigusa haina kazi tena, joto linapita kutoka chuma kwenda chuma. Foili inafanya kazi kwa sababu upande wake unaong'aa unaitazama nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2.5. Na upande huo ukitazama chini ni bora, maana ukitazama juu utafunikwa na vumbi na ndani ya miaka michache mng'ao umekwisha.

Kwa watu wa nyanda za juu, Njombe, Mbeya, Makambako, na wenzetu wa Limuru, tatizo kubwa si mchana. Ni alfajiri. Usiku mwangavu usio na mawingu bati hutoa joto lake angani na kupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Pumzi ya unyevu iliyomo ndani ikigusa bati hilo inakuwa matone. Asubuhi mnaniambia paa linavuja, na mvua haijanyesha kwa wiki mbili. Halivuji. Linatoa jasho. Sasa bandika hapo trei. Karatasi linanyonya jasho hilo na kulishikilia juu ya bati mahali ambapo upepo haufiki. Zinki inayokaa na maji bila hewa inaota unga mweupe, ile kutu nyeupe, na zinki ikiisha chuma kinaanza kuliwa. Nimewahi kubandua trei kwenye banda la miaka mitatu huko Mbeya, na nyuma yake bati lilikuwa na madoa meupe yenye umbo la trei ileile, safu kwa safu. Sehemu isiyobandikwa ilikuwa nzima. Pwani unyevu upo mwaka mzima, tena na chumvi yake. Mende, panya na mchwa sihitaji kuwaeleza. Trei iliyotoka bandani kwa kuku inakuja na harufu inayowaita.

Cheche. Hapa sina subira hata kidogo.

Chembe ya chuma inayotoka kwenye jiwe la grainda huwa na joto la kupita nyuzi 1000, na inaweza kuruka mita 10. Banda lako lina urefu wa mita 6. Hakuna kona ambayo cheche haifiki. Chembe ikiingia kwenye kikombe cha trei haitawasha moto papo hapo ukaiona. Karatasi la namna ile linafuka. Linakula taratibu, bila ulimi wa moto, kwa saa nzima au zaidi, wewe umeshafunga kufuli umekwenda kula. Karakana zinazoungua saa tatu usiku zimewashwa saa kumi na moja jioni. Ndiyo maana wanaofanya kazi za moto viwandani huacha mtu mmoja anachunga kwa saa nzima baada ya mashine kuzimwa.

Wengine wamesikia hoja hii wakaniambia: basi mzee, tutaweka sponji la magodoro. Hapana! Sponji ni baya kuliko trei. Likishika moto linatoa moshi mweusi wenye kaboni monoksaidi na sianidi, na mtu huanguka kabla moto haujamfikia. Tarehe 20 Februari 2003, huko West Warwick katika jimbo la Rhode Island, Marekani, ukumbi wa muziki uliokuwa umebandikwa sponji ukutani kwa ajili hii hii ya kelele ulishika moto kutokana na fataki za jukwaani, na watu 100 wakafa. Tarehe 27 Januari 2013 jambo lilelile likatokea Santa Maria, Brazil, sponji darini na fataki chini yake, wakafa 242. Fataki ya jukwaani na cheche ya grainda ni ndugu. Kumbi zile zilikuwa na walinzi. Wewe una mlango mmoja, na nyuma yake umeegesha mbao.

Basi tufanye nini? Nitakwenda haraka, kwa sababu mambo haya si magumu, yanataka tu kufuatwa kwa mpangilio.

Kama banda halijasimamishwa, liweke pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Acha luva chini upande upepo unakotoka na uwazi juu karibu na kofia ya paa. Kwa watu wa pwani hilo ni rahisi, kaskazi na kusi zinajulikana hata kwa mtoto. Hewa ya moto itatoka juu yenyewe, ya chini ikaingia. Sakafu iwe ya zege la sentimita 10 juu ya nailoni nzito, la sivyo unyevu wa ardhini utakula misumeno yako.

Umeme huja kabla ya kufunika ukuta, si baada. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, 1.5 kwa taa, na mashine ya kulehemu ipewe laini yake nene na sakiti breka yake, kwa kipimo atakachokupa fundi umeme mwenye leseni. Popote waya unapopita kwenye tundu la bati, weka paipu au mpira, kwa sababu ukingo wa bati ni kisu na mtetemo wa mashine ni mkono unaokisukuma. Na banda lenyewe lifungwe ethi. Waya mmoja uliochunika ukigusa ukuta wa chuma, ukuta wote unakuwa na umeme, na wa kwanza kuugusa anaweza kuwa mtoto anayepita nje. Weka pia kile kifaa kinachokata umeme wenyewe unapovuja kwenda ardhini, kile cha miliampia 30. Hili usilipunguzie gharama.

Kufunika ukuta: simamisha fremu ya mbao mbili kwa mbili zilizotiwa dawa ya mchwa, au skwea paipu, uache nafasi ya hewa ya sentimita 4 hadi 5 kati ya bati na ubao. Anzia sentimita 10 juu ya sakafu na uishie kabla ya kufika juu, hewa ipite nyuma. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha, inashika misumari na ndoano za vifaa, na hapo utatundika misumeno, patasi na tupa zako mahali unapoziona. Jipsamu isiwe chini, itavunjwa wiki ya kwanza. Kona ya kusaga na kulehemu usiweke mbao kabisa. Iache bati tupu au weka simenti bodi, na ikiwezekana hamishia kazi hiyo nje chini ya kibaraza. Ukitaka kujaza ile nafasi ya ukuta, tumia pamba ya mawe, kwani haiungui. Ivalie glavu na barakoa wakati wa kuifunga.

Dari ndiyo yenye faida kubwa kwa joto. Foili yenye nafasi juu na chini, kisha ubao mwepesi, na uwazi wa kutoa hewa kati ya dari na paa. Usishushe dari chini ya mita 2.4, utakuwa unazungusha mbao ndefu na kuitoboa.

Mwanga: zile bati angavu za plastiki ziwekwe juu ukutani upande wa kusini au kaskazini chini ya mchirizi wa paa, si juu ya paa, huko zinaingiza jua lote. Taa ziwe mbili za pande tofauti za benchi ili mkono usijifanyie kivuli. Benchi lenyewe liwe kimo cha kifundo cha mkono wako ukisimama wima, kwa wengi ni sentimita 85 hadi 90, na lifungwe ukutani kwenye fremu, si kwenye bati. Jiliwa likae kwenye kona ya benchi juu ya mguu wake. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu uwe karibu na mlango, ndoo ya mchanga pembeni yake, na mlango ufungukie nje.

Kumkinga jirani na kelele, kwa anayehitaji kweli: ziba mianya ya migongo ya bati upande wake tu, acha ya upande mwingine ipumue. Kaza skrubu zote zenye ringi za mpira, bati linalotetemeka ni ngoma. Weka vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu ya mashine. Kompresa ijengee kibanda kidogo cha tofali nje na uvute paipu ya hewa ndani. Kama msumeno wa meza ndio ugomvi, jenga ukuta mmoja wa tofali upande wa jirani, wa urefu unaomficha asiione mashine hata akisimama dirishani kwake. Na hapa niseme wazi jambo ambalo wengi hawataki kulisikia: banda la baridi linataka hewa ipite, banda la kimya linataka hewa isipite. Katika banda la mabati la nyumbani huwezi kuvipata vyote kwa ukamilifu. Chagua. Mimi kwa pwani nachagua hewa, kisha nakaa na jirani tunakubaliana saa. Asubuhi baada ya saa mbili, jioni mwisho saa kumi na moja, Jumapili kimya, siku ya msiba kimya. Makubaliano hayo yameokoa karakana nyingi kuliko ubao wowote, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, haijawahi kuitwa.

Nikumbushe jambo moja kwa wanaolehemu fremu zao wenyewe. Bati na paipu za rangi ya fedha zina zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni utapata homa, baridi na maumivu ya viungo, utadhani malaria, na kesho yake imeondoka. Huenda si malaria, lakini kipimo ndicho kitakachokuambia kwa uhakika, nenda ukapime. Paruza zinki hiyo kabla ya kulehemu, lehemu mahali penye upepo, usiuinamie moshi. Maziwa mnayoyanywa baada ya kazi yanakwenda tumboni, na moshi umekwenda kwenye mapafu.

Kijana wa Kibaha nilimjibu hivyo hivyo, kwa ufupi zaidi. Akasema ameshanunua trei 200 na nusu yake ameshazipiga ukutani kwa gundi. Nikamwambia, na wewe uliye kama yeye nakuambia: zibandue zote, uzitoe nje, ufagie, na usiwashe grainda humo ndani mpaka ya mwisho iwe imetoka.